Hotuba ya Mkurugenzi Kabla ya Kupanda Ngome

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyependeza sana na hiyo suti, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo, na Makaimu wa wale Wakuu ambao leo wanakaimiwa, wazee wetu mliokaa kivulini, vijana wetu mliokosa kivuli, walimu, watoto wa shule mlioinua bendera tangu asubuhi, shusheni mikono kidogo, mtaambiwa wakati wa kupeperusha tena, fundi wa vipaza sauti, dereva wangu, popote ulipo, na kwa namna ya pekee kabisa mama yangu mkwe, uliyekaa pale mstari wa mbele na raba zako mpya nyeupe na kofia yako pana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mheshimiwa yeyote ambaye sikumtaja, ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi. Mtoto mmoja anauliza kama sasa tunaondoka. Anaambiwa bado.)

Ndugu wananchi, kabla sijaanza kusema, naomba niseme machache. Mji wetu huu wa kale, wenye kuta nene na vichochoro vyembamba, wenye malango ya mbao yaliyoshinda mchwa, na wenye ile ngome mnayoiona kule juu kilimani ng'ambo ya bonde, ni mji wenye historia ndefu kuliko hotuba yoyote, lakini kwa masikitiko makubwa nalazimika kuwaambia kwamba kwa muda wote huo mji wetu haujawahi kuwa na Siku. Miji mingine ina Siku. Sisi hatukuwa nayo hata moja. (Sauti kutoka nyuma: "Tuna Jumatatu!" Kicheko.) Nimekusikia, bwana wa nyuma, na mchango wako umepokelewa. Hizo za kawaida tunazo. Mimi nazungumzia Siku yenye kamati.

Ndipo ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, kwa maelekezo yangu, ilipobuni Siku ya Matembezi, Ujasiri na Mandhari, kwa kifupi SIMUMA, na mjue kwamba kifupi hicho peke yake kilitugharimu vikao vingi na chai nyingi. Naomba tujifunze kaulimbiu yetu mapema ili baadaye isitupe tabu. Nikisema "SIMUMA", ninyi mnajibu "Juu!" SIMUMA! (Wachache: "Juu." Mtu mmoja: "Juu ya nini?") Tutaendelea kuifanyia mazoezi.

Sasa mtajiuliza, Mkurugenzi, Siku kubwa kama hii uliipangaje? Nafurahi mmeniuliza. (Hakuna aliyeuliza.) Wapo viongozi, siwataji, ambao wakitaka kupanga matembezi wanatoka tu nje na kuanza kutembea. (Kicheko.) Msicheke, ni jambo la kusikitisha. Mtu mzima, mwenye cheo, anatembea bila mchakato, bila tathmini, bila fizibiliti stadi, anakwenda tu na miguu yake kama mbuzi aliyekata kamba! Sisi tulikataa. Sisi tulisema hakuna mguu utakaotoka nje ya ofisi mpaka jambo lote limekamilika ndani, na nasimama hapa kifua mbele kuwaarifu kwamba katika kipindi chote cha maandalizi hakuna mguu uliotoka. (Makofi ya heshima kutoka kwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi.)

Tulimwagiza fundi seremala, yule pale mwenye penseli sikioni, simama fundi watu wakuone. (Fundi seremala anasimama, anapunga mkono, anakaa haraka.) Huyu bwana alituchongea mfano wa mji mzima kwa mbao: soko hili, maduka, bonde, kilima, ngome na mnara wake, hata lile tangi la maji linalovuja, ingawa la kwake halivuji. Ukaletwa ofisini kwangu, ukawekwa juu ya meza kubwa, na kwa kuwa meza hiyo ndiyo tuliyokuwa tukifanyia kazi nyingine zote, kazi nyingine zote zikasimama. Hiyo ndiyo maana ya kujitoa kwa ajili ya wananchi.

Watembeaji tuliwawakilisha kwa vifungo vya shati. Kila kifungo mtu mmoja. Tuliwapanga hapa sokoni, tukawapa maelekezo, tukawapitisha njia nzima mpaka kileleni, mimi mwenyewe nikitangulia kwa vidole viwili, hivi, kimoja mbele kimoja nyuma, na vidole vyangu, ambavyo kama mnavyoviona si vyembamba, vilifika juu ya mnara bila hata kuhema. (Kicheko.) Tulijiuliza, je, mvua ikinyesha? Katibu muhtasi wangu akachukua kopo la kumwagilia maua akatunyeshea mji mzima, na matokeo yake ni kwamba mnara ulivimba kidogo lakini haukuanguka. Je, upepo? Tukawasha feni. Watu watatu walipeperushwa, wawili wakaangukia kwenye kikombe changu cha chai na mmoja akapotea chini ya kabati, na hapo ndipo kitengo chetu cha uokoaji kilipoonyesha ubora wake, maana tulimtafuta kwa ufagio na tochi mpaka akapatikana, mzima wa afya, ana vumbi tu. (Makofi. Mama mkwe: "Ndiyo maana shati lako la bluu nimelikuta halina hata kifungo kimoja!" Kicheko kirefu.) Mama, hayo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani.

Kwa upande wa takwimu, utafiti wetu unaonyesha kwamba kati ya watu tuliowahoji ofisini, karibu wote wanapenda kutembea, na asilimia ndogo iliyobaki ilikuwa ni mimi, kwa sababu wakati wa kujibu nilikuwa nimekaa. Aidha, kiwango cha furaha kitapanda kwa asilimia sitini, kiwango cha hewa safi kitapanda kwa asilimia sabini, na mkijumlisha mnaona wenyewe kwamba tumevuka mia. (Mwalimu mmoja anashika kichwa.) Haya si mafanikio yangu peke yangu. Ni yangu, lakini si peke yangu, kwa sababu unyenyekevu wangu, ambao ninyi nyote mnaujua na wengine mmewahi kuusimulia mbele yangu nilipowaomba, hauniruhusu kusema vinginevyo.

Nije kwenye ratiba. Baada ya hotuba hii, ambayo ndiyo kwanza inashika kasi, tutajipanga mistari miwili, tutavuka Daraja, tutaingia ngomeni, tutapanda mnara, tutatazama mandhari, tutashuka ukuta wa nyuma kwa kamba wale wenye ujasiri, na wale wasio na ujasiri watashuka kwa miguu wakijilaumu, halafu tutakula chakula cha mchana kwenye uwanja wa nyasi ulio kando ya ngome, nyasi laini, za kijani kibichi, ambazo mimi mwenyewe nimezigusa. (Mnong'ono. "Nyasi gani?" "Kule si mawe tu?")

Naona mnanong'onezana kwa furaha. Ngojeni niwaambie kiini cha mpango, uti wa mgongo wa SIMUMA, nao ni Daraja. Ninyi mmezoea kupanda kwa ngazi za nyuma ya duka la mwoka mikate, ngazi zenye giza, zenye paka, ambako mtu anafika juu amejaa unga kama andazi. Hizo tuliziondoa kwenye mpango kwa sababu za hadhi. Sisi tutapita kwenye Daraja, kitu kizuri cha upinde, kinachoanzia hapa hapa sokoni, kinapita juu ya bonde, juu ya mapaa, juu ya tangi la maji, na kutua ng'ambo, kilimani, nyuma kabisa ya ngome. Nakiri kwamba mimi binafsi sijawahi kuliona kwa macho, lakini mnanijua, sina muda wa kuzurura. Napandia gari mlangoni kwangu, nashukia mlangoni pa ofisi. Nimezaliwa katika mji huu na kileleni sijafika hata siku moja, jambo linaloonyesha ni kwa kiasi gani nimekuwa na shughuli.

Na hapa, ndugu wananchi, naomba niweke karatasi chini. (Anaweka karatasi chini. Upepo unachukua moja. Mtoto anaikimbilia.) Mwache, mwanangu, hiyo ilikuwa ya shukrani kwa wafadhili, na wafadhili bado hatujawapata.

Nataka niseme juu ya mama huyu. Mama yangu mkwe alikuja nyumbani kwetu kumsaidia mke wangu kulea mtoto wa kwanza, akakaa, mtoto wa kwanza sasa ananizidi urefu. Nilipoposa, wajomba wote wa mke wangu walinikataa, walisema huyu kijana maneno mengi, kazi haionekani. (Kicheko. Sauti: "Waliona mbali!") Mama peke yake ndiye aliyesema mpeni, atabadilika. Kesho alfajiri anaondoka, anahamia kwa shemeji yangu, mji wa mbali, na basi lenyewe linaondoka kabla jogoo hajaamka. Huyu mama amezaliwa hapa chini, kwenye vichochoro hivi. Alipokuwa binti alikuwa akibeba kikapu cha mikate mpaka lango la ngome kuwapelekea walinzi, na kila siku lango linafunguliwa kiasi cha kupitisha kikapu, kikapu kinaingia, yeye anabaki nje. Hajawahi kuuona mji wake kutoka juu. Nami nilimwahidi, mbele ya mke wangu na watoto, kwamba kabla hajaondoka atasimama juu ya ule mnara aione nyumba aliyozaliwa. Ahadi nyingine zangu mnazijua. Hii nataka itimie. Sijui nyumba yangu itakuwaje bila sauti yake, na hilo halimo kwenye hotuba niliyoandikiwa. (Makofi, ya kweli safari hii.)

(Mama mkwe anainua mkono kama mwanafunzi.) Ndiyo, Mama.

(Mama mkwe: "Mkwe wangu, asante. Ila nikuulize. Kila Jumamosi nikitaka kupanda unaniambia ngoja, Mama, utapita darajani kama malkia. Nimengoja. Leo ndiyo mwisho. Hilo daraja liko wapi?")

Swali zuri sana, Mama, na linaonyesha uelewa mpana. Daraja, kwa mujibu wa mfano, linaanzia nyuma ya jukwaa hili, upande wangu wa kulia, kati ya bucha na fundi viatu. Ndugu wananchi, geukeni kwa utaratibu mtazame. (Wananchi wanageuka. Kati ya bucha na fundi viatu kuna mbwa amelala.) Labda ni upande wa kushoto. (Wananchi wanageukia kushoto. Kuna ukuta.) Fundi seremala, hebu tusaidie. Wewe ndiye uliyelichonga. Daraja umelitoa wapi?

(Fundi seremala anasimama taratibu, penseli mkononi: "Mheshimiwa, mimi sikuchonga daraja.")

Umechonga, bwana! Lile kubwa, la upinde, linalopita juu ya mji mzima!

(Fundi seremala: "Kile ni kishikio, Mheshimiwa. Cha kubebea. Ule mji mzito, nikajiuliza nikiuleta ofisini nitaushikia wapi? Nikapigilia kishikio.")

(Mtu mmoja nyuma anacheka, na mji mzima unamfuata.)

Fundi. Unataka kuniambia kwamba siku zote hizi nimepitisha watu juu ya kishikio?

(Fundi seremala: "Vifungo, Mheshimiwa. Umepitisha vifungo.")

Na zile nyasi?

(Fundi seremala: "Vumbi la msumeno. Nilipaka rangi ya kijani, ilibaki kwenye kopo.")

Ndugu wananchi! Naomba utulivu! Wazee, naomba utulivu, mzee yule asije akaanguka na kiti kwa kucheka. Suala hili ni la kiufundi na lisipotoshwe. Daraja halijakosekana, kilichochelewa ni kuwepo kwake tu. Linaingia sasa katika feizi ya pili, ambapo tutaunda kikosi kazi, kikosi kazi kitaandaa warsha, warsha itatoa mapendekezo, na mapendekezo yatarudi kwenye meza yangu mara tu mji utakapoondolewa hapo mezani. Kwa leo napendekeza tukae, tunywe maji, na mimi niendelee na sehemu ya pili ya hotuba, yenye kichwa kisemacho Tulikotoka.

(Mama mkwe anasimama. Anafunga vizuri kamba za raba zake. Anasema: "Mkwe wangu, nakuheshimu, na watu wote hapa ni mashahidi. Lakini ngome inafungwa saa kumi, na kesho mimi sipo. Wewe endelea na tulikotoka. Mimi napanda.")

Mama, tafadhali, kwa magoti hayo?

(Mama mkwe: "Magoti ni yangu. Yamekaa tangu asubuhi yanakusikiliza, sasa yanataka kazi. Mwoka mikate! Lango lako la nyuma liko wazi?" Mwoka mikate: "Liko wazi, Mama, pita tu, sema na paka." Mama mkwe anaondoka. Mke wa Mkurugenzi anamshika mkono. Watoto wa shule wanatazamana, wanainua bendera, wanawafuata.)

Watoto, bado sijasema mpeperushe! Naomba ieleweke kwamba kundi hili linaloondoka ni kundi la majaribio. Wengine tubaki. (Mstari wa kwanza unaondoka.) Mstari wa pili tubaki, tafadhali, maana ninyi ndio mliokuwa mmekaa vizuri. (Mstari wa pili unaondoka.) Wakuu wa Idara, nawaona. Nawaona, na nitawaandikia. (Wakuu wa Idara wanaondoka, makaimu wao wakitangulia.) Hata wewe, Mwakilishi wa Mgeni Rasmi? (Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anavua koti la suti, analitundika kwenye kiti cha Mgeni Rasmi, na kuwakimbilia. Fundi wa vipaza sauti anapita mbele ya jukwaa: "Mheshimiwa, hicho kipaza hakina waya, ukimaliza zima hapo pembeni." Anaondoka.)

Sawa. Basi kwa wale mliobaki, ambao naona ni viti, pamoja na yule mbwa wa kati ya bucha na fundi viatu, naomba nihitimishe, kwa sababu hotuba isiyo na hitimisho haiwezi kuhifadhiwa. Kwanza kaulimbiu. SIMUMA! (Mbwa anafungua jicho moja.)

Pili, shukrani. Kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi namshukuru Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ni mimi, Katibu wa Kamati, ambaye ni katibu wangu muhtasi naye nimemwona akipanda, na wajumbe wote, na kwa kuwa sasa sina wa kunisikia naweza kusema kwamba wajumbe walikuwa vifungo. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye hakualikwa, barua yake ipo mezani kwangu, imekaliwa na mji. Namshukuru Mwakilishi wake, bwana ambaye simjui hata kidogo, alikuja na suti nikaona haya kumuuliza. Nazishukuru kamba za kushukia ukuta, ambazo zilikuwa uzi wa katibu muhtasi wa kushonea, na chakula cha mchana, ambacho kwenye mfano kilikuwa chembe ya sukari. Kwa kifupi namshukuru kila mmoja kwa kufanikisha Siku ambayo, tukisema ukweli, haikuwahi kutoka juu ya meza yangu. Asanteni sana kwa... (Anatazama viti.) Asanteni.

(Kutoka juu, mbali, sauti ya mama mkwe: "Mkweee!")

Naam, Mama!

("Nimefika! Nipo juu kabisa! Naiona nyumba ya mama yangu! Paa ni lilelile! Naona mpaka kibaraza tulichokuwa tunakaa! Mwanangu, mji wetu mzuri jamani!" Anacheka, analia, havitofautiani kutoka huku chini.)

Umeiona, Mama? Umeiona kweli?

("Nimeiona! Na wewe nakuona! Umebaki peke yako, umekuwa mdogo kama kifungo! Panda, baba, panda nikuonyeshe, kesho nitamwonyesha nani?")

Nakuja, Mama! Nakuja sasa hivi! Dereva! Lete gari! (Dereva anapunga mkono kutoka juu ya ukuta wa ngome.) Kumbe na wewe. Sawa. Nakuja kwa miguu. (Anashuka jukwaani. Analegeza tai. Anasimama katikati ya soko, anatazama kulia, anatazama kushoto.) Mama! Samahani! Hizo ngazi zinaanzia wapi?

(Mji mzima kutoka juu: "Nyuma ya mikateee!" Halafu mtoto mmoja anaongeza: "SIMUMA!" na ngome nzima inaitikia: "Juuu!" Mkurugenzi anaondoka mbio, kipaza sauti bado mkononi, kimesahauliwa kuzimwa. Kwa muda mrefu soko tupu linasikia hatua, kisha paka, kisha mtu anayehema.)